UZI: Mgogoro wa Nile – mwaka wa ukame nani ataamua maji yaachiwe kiasi gani, na sisi wa Ziwa Victoria tuko wapi?

#1 Mto Simiyu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Tangu Ethiopia izindue Bwawa Kuu la Renaissance (GERD) tarehe 9 Septemba 2025, mijadala ya Nile imegeuka ushabiki. Kundi moja liko na Misri, jingine liko na Ethiopia, na sisi tunachangia kama watazamaji wa mechi ya wengine. Bonde la Nile lina nchi 11. Sita kati ya hizo ni Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na DRC. Naleta uzi huu kwa sababu naona kuna jambo kubwa linatupita.

Jambo lenyewe ni hili. Suala la bwawa lijengwe au lisijengwe limekwisha. Lipo, limejaa, linafua umeme. Kilichobaki mezani, na ndicho kilichovunja mazungumzo mara kwa mara, ni kanuni ya mwaka wa ukame: mvua ikigoma kwenye milima ya Ethiopia miaka miwili mitatu mfululizo, nani anaamua maji yaachiwe kiasi gani, kwa takwimu za nani, na asiyeridhika akalalamike wapi? Swali hilohilo linatuhusu sisi wa Ziwa Victoria pale Jinja, Uganda, maji ya ziwa yanapotokea. Na tuna mkononi Mkataba wa Entebbe wa nchi za Nile, ulioanza kazi Oktoba 2024, ambao ungeweza kuanza kulijibu. Tumekaa kimya.

Nitaenda kwa vipande. Mwenye swali aulize katikati.

#2 Mto Simiyu (mleta mada)

Kwanza karatasi za zamani, maana bila hizo huelewi kwa nini watu wanakasirikiana.

Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua. Uingereza ilizungumza kwa niaba ya Sudan, na maneno yake yakazifunga pia Uganda, Kenya na Tanganyika. Hakuna mtu wa huku aliyeulizwa. Sharti lilikuwa kwamba kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme itakayopunguza maji ya Misri, iwe mtoni, kwenye matawi yake au kwenye maziwa yanayoulisha, isifanyike mpaka Misri ikubali kwanza. Misri ikahesabiwa mita za ujazo bilioni 48 kwa mwaka, Sudan bilioni 4.

Novemba 1959 Misri na Sudan zikakaa zenyewe mbili, zikagawana mto mzima. Walipiga hesabu ya maji bilioni 84 kwa mwaka pale Aswan: bilioni 55.5 za Misri, 18.5 za Sudan, na 10 zilizobaki zikahesabiwa kuwa zitapotea kwa mvuke ziwani. Ethiopia, ambako zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayofika Aswan yanaanzia, haikutengewa kitu. Sisi wa Nile Nyeupe, tawi linalotoka Ziwa Victoria, hatukutajwa kwa kiwango chochote.

Halafu ikaja Tanganyika. Tarehe 4 Julai 1962, mwaka haujatimia tangu Uhuru, serikali ya Mwalimu iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi Tanganyika. Msimamo wake kwa jumla ulikuwa kwamba nchi huru hairithi kimyakimya mikataba ambayo haikuifanya; ipewe muda, ijadiliwe upya, na isipofufuliwa kwa hiari ife. Ndio msimamo ambao wanasheria duniani wanauita Kanuni ya Nyerere. Uganda na Kenya zikafuata njia hiyo. Misri ikajibu mwaka 1963 kwamba 1929 iko palepale mpaka wapatane upya.

Naomba tushike kipengele kimoja ambacho hata watetezi wa Mwalimu hukiruka. Barua ile haikusema maji ni yetu na ninyi mtajua wenyewe. Ilikataa karatasi ya mkoloni na papo hapo ikafungua mlango wa mazungumzo. Haya mambo mawili yaliandikwa pamoja, na mimi nayatetea yote mawili.

#3 Mwaloni Kirumba

Mkuu nasubiri muendelezo ila nina swali. Huku Mwanza tunasikia kwamba mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga ulitaka kuleta vita na Misri. Kuna ukweli au ni maneno ya vijiweni?

#4 Mto Simiyu (mleta mada)

Vita hapana. Manung'uniko ya kidiplomasia yalikuwepo, na yalikuwa makali kiasi chake. Tanzania ilitangaza mradi ule mwaka 2004, chanzo cha maji kikiwa Ihelele wilayani Misungwi. Misri ikakumbushia 1929. Serikali yetu, wakati huo Edward Lowassa akiwa waziri mwenye dhamana ya maji, haikuomba ruhusa. Iliendelea kujenga, na Rais Kikwete akauzindua mwaka 2009. Baadaye bomba likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo wa India.

Lakini angalia kitu ambacho hakisemwi kwenye majukwaa. Mvua ikinyesha Tabora haiendi Nile, inaelekea Malagarasi na Ziwa Tanganyika, yaani upande wa Mto Kongo. Kwa hiyo pale tulitoa maji ya bonde moja tukayapeleka bonde jingine, na hayarudi. Kiasi chenyewe ni kidogo mno ukilinganisha na ukubwa wa ziwa, na watu wa Shinyanga walikuwa na kiu kweli, wanagombania visima na ng'ombe. Naunga mkono mradi ule bila kusita. Ila tukubali kwamba jambo la namna hiyo ndilo majirani wana haki ya kuarifiwa mapema. Kuarifu ni kitu kimoja na kuomba ruhusa ni kitu kingine, na ugomvi wote wa Nile umechanganya hivi viwili kwa miaka mingi.

#5 Talibu wa Qahira

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Misri kimasomo, natokea Unguja. Mleta mada umeeleza vizuri lakini naomba uwatendee haki watu wa huku.

Ukitoka Cairo kwa basi kwenda kusini unaona mwenyewe. Pembeni mwa mto kijani, ukisogea kidogo ni mchanga mtupu. Watu zaidi ya milioni 100 wamebanwa kwenye utepe ule. Mvua haipo ya kutegemea. Serikali yao inasema mgao wa maji kwa mtu mmoja ni kama mita za ujazo 560 kwa mwaka, na kiwango cha kimataifa cha uhaba ni 1,000. Dereva wa teksi, muuza ful (maharage), mwalimu wangu, wote wakisikia jina la bwawa nyuso zinabadilika. Sidhani kama ni siasa za serikali tu. Mkulima wa Delta ambaye ardhi yake tayari inapandwa na chumvi ya bahari hana mto mwingine. Sisi tuna Rufiji, Ruvuma, Pangani, tuna mvua. Wao wana Nile, basi.

#6 Mto Simiyu (mleta mada)

Waalaykum salaam ndugu yangu. Ahsante, na nakubaliana nawe moja kwa moja. Hofu ya Mmisri wa kawaida ni ya kweli na mtu anayeidhihaki hajafikiria. Ninachokataa ni dawa ambayo serikali yake imeichagua kwa muda mrefu, ya kutegemea karatasi za 1929 na 1959 badala ya kutafuta kanuni mpya ambayo wa juu ya mto nao wataiheshimu.

Sasa twende kwenye bwawa lenyewe.

GERD limejengwa Benishangul-Gumuz, karibu na mpaka wa Sudan, kwenye Nile ya Bluu ambayo Wahabeshi wanaiita Abbay. Eneo lile lilipendekezwa na wataalamu wa Marekani waliofanya upimaji kati ya 1956 na 1964. Ujenzi ulianza Aprili 2011 chini ya Waziri Mkuu Meles Zenawi, wiki chache baada ya Rais Mubarak wa Misri kuanguka. Pesa nyingi zilitoka kwa Waethiopia wenyewe, walimu na makarani na askari wakinunua hati za dhamana. Mitambo yake imepangwa kufua megawati 5,150. Ziwa lake linabeba mita za ujazo bilioni 74.

Linganisha namba hiyo na hii: wastani wa maji yanayopita pale kwa mwaka ni kama bilioni 49. Yaani ghala lile linabeba mwaka mmoja na nusu wa mto mzima. Hapo ndipo penye uzito wote.

Mwaka wa kawaida bwawa la umeme halinywi maji. Yanapita kwenye mitambo yanaendelea zake Khartoum, tena kwa mtiririko uliotulia kuliko zamani, jambo ambalo mkulima wa Sudan anaweza kulifurahia. Ikija miaka mibaya mfululizo hali inabadilika. Ethiopia itakuwa na maji ghalani wakati mto umekauka. Misri inasema: miaka hiyo tufungulieni kiasi kilichoandikwa, na kiandikwe kwa namna ya kufunga. Ethiopia inasema: tukiandika namba ya kudumu, tumesaini mgao wa 1959 kwa mlango wa nyuma, na kesho tukitaka kujenga bwawa jingine juu yake au kumwagilia mashamba tutakuwa tayari tuna deni la maji.

Hofu zote mbili zina mantiki. Ndiyo maana Azimio la Misingi walilosaini Khartoum Machi 2015, Rais Sisi wa Misri, Rais Bashir wa Sudan na Waziri Mkuu Hailemariam wa Ethiopia, lilikuwa na maneno mazuri juu ya matumizi ya haki na kutoleta madhara makubwa, lakini halikugusa kiasi cha maji cha mwaka wa ukame.

#7 Fundi Gridi

Mleta mada, hapo Marekani iliingiaje? Nakumbuka Trump aliwahi kusema mambo ya kulipua.

#8 Mto Simiyu (mleta mada)

Novemba 2019 Wizara ya Fedha ya Marekani na Benki ya Dunia ziliwaita Washington. Hadi Februari 2020 kulikuwa na rasimu yenye kanuni za ukame. Misri ikaweka herufi zake. Ethiopia haikuhudhuria kikao cha mwisho, ikisema msuluhishi amekuwa upande mmoja. Marekani ikaizuilia sehemu ya misaada. Oktoba 2020 Trump akatamka hadharani kwamba Misri inaweza kuishia kulilipua bwawa. Kwangu mimi siku ile usuluhishi wa Washington ulijizika wenyewe. Mtu anayetaka kupatanisha majirani hatangazi nani atampiga nani.

Umoja wa Afrika ukachukua jukumu, kwanza chini ya Rais Ramaphosa wa Afrika Kusini, kisha Rais Tshisekedi wa DRC. Aprili 2021 walikutana Kinshasa wakaachana bila hata kukubaliana namna ya kuendelea. Baraza la Usalama lilikaa juu ya suala hili Juni 2020 na tena Julai 2021, na Septemba 2021 likatoa taarifa ya kuwarudisha kwenye Umoja wa Afrika. Wanachama wengi wa Baraza hawakutaka kuufanya mto mmoja kuwa kesi ya amani ya dunia, maana wao pia wana mito yao. Waziri Mkuu Abiy wa Ethiopia na Rais Sisi wa Misri wakajaribu tena mwaka 2023. Desemba ya mwaka huohuo Misri ikatangaza kwamba mazungumzo yameshindikana.

Wakati wote huo maji yalikuwa yanajazwa. Julai 2020 ujazaji wa kwanza ulipoanza, Sudan ililalamika kwamba baadhi ya mitambo ya maji ya kunywa ilikosa maji ghafla. Mwishoni mwa Septemba 2025 ikawa kinyume: mafuriko Sudan, Misri ikilaumu namna Ethiopia ilivyofungulia, Ethiopia ikikana. Watu wa Sudan, wakiwa katikati ya vita vyao, wakabaki kutazama mto unavyopanda. Chanzo cha lawama zote mbili ni kimoja. Hakuna utaratibu wa lazima wa kupeana takwimu kila siku kati ya lango la juu na lango la chini.

#9 Nyando Mashariki

Mimi ni Mkenya, niko Kisumu. Nauliza waziwazi: sisi Kenya msimamo wetu ni upi? Rais Ruto alikuwa kwenye uzinduzi wa lile bwawa, na stima ya Ethiopia tunanunua kupitia laini ya Suswa. Wakati huohuo mwaka 2021 tuliweka sahihi mkataba wa kijeshi na Misri. Na ule Mkataba wa Entebbe, si tuliusaini?

#10 Mto Simiyu (mleta mada)

Umegusa penyewe ndugu.

Februari 1999 mawaziri wa maji walikutana Dar es Salaam wakaanzisha Mpango wa Bonde la Nile, makao Entebbe. Ilikuwa hatua kubwa, Misri na nchi za juu zilikaa kwenye meza moja ya kudumu. Kutoka hapo wakajadili mkataba kwa miaka mingi. Walikwama kwenye Ibara ya 14(b). Nchi za juu zilitaka kila mmoja aahidi kutoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa mwenzake. Misri na Sudan zikataka iongezwe kwamba hayataathiriwa pia matumizi na haki zilizopo sasa. Ukiikubali nyongeza hiyo, 1929 na 1959 zimerudi zikiwa zimevaa nguo mpya, na barua ya Tanganyika imefutwa na wajukuu wake.

Mei 2010 mkataba ukafunguliwa Entebbe bila maneno hayo. Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilisaini siku ya kwanza, tarehe 14. Kenya ikafuata siku chache baadaye, Burundi Februari 2011. Kuridhia ndiko kulikochukua umri wa mtu: Ethiopia na Rwanda 2013, Tanzania 2015, Uganda 2019, Burundi 2023, Sudan Kusini 2024. Zilihitajika sita. Zilipotimia, mkataba ukaanza kazi tarehe 13 Oktoba 2024. Misri na Sudan zikatoa tamko la kuukataa.

Kenya ilisaini mapema, lakini siku mkataba unaanza kazi ilikuwa bado haijaridhia. DRC haikusaini kabisa. Sababu za Nairobi nadhani umezitaja mwenyewe hapo juu: umeme upande huu, ulinzi upande ule, na kila serikali inapenda kubaki rafiki wa wote. Naelewa. Ila asilimia 6 ya Ziwa Victoria ni ya Kenya, na mito inayoliingiza maji mengi, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, inatoka kwenu. Msitu wa Mau ukifyekwa, tope linafika ziwani. Nchi yenye mito hiyo ikikaa nje ya Kamisheni inayoundwa na mkataba huo, sisi wengine tutapanga nini?

#11 Nyando Mashariki

Nimekusoma. Hiyo ya Mau inauma kwa sababu ni kweli. Huku kwetu mvua ikinyesha juu, Nyando inakuja na rangi ya udongo na kubeba nyumba. Nitauliza mbunge wetu hiyo habari ya kuridhia, sijawahi kusikia ikitajwa kwenye mkutano wowote.

#12 Fundi Gridi

Kuna jambo nataka kuongeza kwa sababu niko kwenye sekta ya umeme. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, wakandarasi ni Arab Contractors na Elsewedy, kampuni za Misri. Waziri Mkuu wao Madbouly alikuja Dar siku ya kusaini, Desemba 2018. Yaani Misri inapinga bwawa Ethiopia na imejenga bwawa Tanzania. Mnalionaje?

#13 Mto Simiyu (mleta mada)

Mkuu, mimi sioni kosa la kisheria hapo. Rufiji si Nile, haimpunguzii Mmisri hata kikombe. Na kazi waliyoifanya mafundi wao na wetu ni kubwa, umeme tunautumia. Lakini kidiplomasia ilikuwa hatua ya makusudi na ya akili. Misri iligundua kwamba kuzitishia nchi za juu kumeshindikana, ikaanza kuzijengea. Rais wake aliyekuwa anakataa mradi wetu wa bomba miaka ile angeshangaa kuona.

Somo la mazingira liko upande mwingine wa bwawa lile. Selous, pori ambamo bwawa lile limejengwa, imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1982, na tangu 2014 imo kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini, kwanza kwa ujangili wa tembo. Bwawa lilipoanza, UNESCO na nchi kadhaa za Ulaya zikatupigia kelele. Mwaka 2021 ilipendekezwa kwamba Selous iondolewe kabisa, na nchi za Kiafrika kwenye Kamati zikasaidia kuitetea isifutwe. Majibu yetu kwa Wazungu yalikuwa nini? Kwamba ni haki yetu kujiendeleza, kwamba wao walikwisha kujenga yao, kwamba hatuombi ruhusa. Soma hotuba za Ethiopia kwenye Baraza la Usalama, utakuta hoja zilezile.

Na wavuvi na wakulima wa delta ya Rufiji, wanaolima mpunga kwa kutegemea mafuriko ya msimu, wanatuuliza sisi maswali ambayo Mmisri anaiuliza Ethiopia: mtafungulia lini, kiasi gani, mtatuambia mapema? Ukishakuwa juu ya mto wa mtu unabeba wajibu huo, awe wa nchi nyingine au raia mwenzako wa Utete.

#14 Talibu wa Qahira

Hapo kwenye Utete umenigusa. Naomba swali la mwisho kutoka kwangu. Huku mara nyingi nasikia kwamba kuna maji mengi yanapotea Sudan Kusini, na kwamba yakiokolewa wote watatosheka. Hilo ni kweli?

#15 Mto Simiyu (mleta mada)

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko bwawa.

Nile Nyeupe ikitoka kwetu inaingia kinamasi cha Sudd, moja ya ardhi oevu kubwa kuliko zote duniani, na karibu nusu ya maji yake haitoki upande wa pili. Yanageuka mvuke. Mhandisi anayekaa Cairo anaona upotevu. Mfugaji wa Kidinka au Kinuer anaona malisho ya kiangazi, samaki, na mvua ya eneo zima.

Mwaka 1978 Sudan na Misri zilianza kuchimba mfereji wa Jonglei, kilomita 360, wa kuyapitisha maji pembeni ya kinamasi. Hawakuwasikiliza wenyeji. John Garang, aliyekuja kuongoza waasi wa kusini mwa Sudan na ambaye aliwahi kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika tasnifu yake ya udaktari Marekani juu ya mradi huohuo. Alipoingia msituni, jeshi lake likaushambulia, na kazi ikasimama katikati ya miaka ya 1980 ikiwa imefika kama kilomita 260. Mtambo wa kuchimbia umebaki palepale unaota kutu, na shimo lenyewe limekuwa kizuizi kwa wanyama na mifugo wanaohama.

Mwaka 2022 mitambo ya kuchimba tope kutoka Misri ilifika Bentiu, Sudan Kusini. Maelezo yalikuwa kusafisha mto ili kupunguza mafuriko. Wasomi wa Juba, wakiongozwa na Makamu Mkuu wa chuo chao Profesa John Akec, wakaanzisha harakati ya saini za wananchi wakidai tathmini ya mazingira kwanza. Rais Kiir akasimamisha hadi utafiti ufanyike. Kumbuka ni nchi yenye shida ngapi, na bado raia wake walipata nguvu ya kusema hapana, tuonyesheni utafiti.

Kwa hiyo jibu ni kwamba maji yale hayapotei. Yanatumika na viumbe ambao hawana balozi. Makubaliano yoyote ya Nile yanayohesabu bilioni za mita za ujazo bila kuihesabu Sudd kama mtumiaji halali, mimi nitayapinga, hata yakisainiwa na Ethiopia na Misri wakishikana mikono.

#16 Mwaloni Kirumba

Mkuu ulitaja Jinja mwanzoni halafu hujaeleza. Sisi wavuvi mwaka 2020 tulihamishwa na maji. Mialo ilizama, vibanda vya dagaa vilikwenda, mpaka vyoo. Wengine walisema ni Uganda wamefunga lango. Fafanua.

#17 Mto Simiyu (mleta mada)

Haki yako ndugu yangu, nilikuwa nakuja huko.

Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja. Tangu bwawa la Owen Falls lizinduliwe mwaka 1954, binadamu ndiye anayeshika ule mlango. Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba maji yafunguliwe kwa kufuata mchoro maalumu: ziwa likiwa na kina hiki, fungua kiasi hiki, kama vile mto ungejitokea wenyewe. Misri ililipia sehemu ya gharama na ikapewa nafasi ya kuweka mhandisi wake pale kupima. Mtanzania, ambaye nchi yake inamiliki karibu nusu ya ziwa, hakuwa na mtu pale.

Kati ya 2003 na 2006 ziwa lilishuka vibaya, kina ambacho hakijaonekana kwa zaidi ya miaka 80. Kulikuwa na ukame, ni kweli. Lakini Uganda, ikiwa na kituo cha pili cha Kiira na njaa ya umeme, ilikuwa inafungulia zaidi ya mchoro unavyoruhusu. Wataalamu waliopiga hesabu walikuta ukame peke yake hautoshi kueleza ziwa lilivyoshuka. Maboti yakakwama kwenye matope, mabomba ya maji ya miji yakabaki hewani. Mwaka 2020 ikawa upande wa pili: mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 na masika yaliyofuata zikalipandisha ziwa hadi kuipita rekodi ya 1964. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa lile huingia kwa mvua inayolinyeshea moja kwa moja, kwa hiyo kusema Uganda ndiyo iliyowazamisha si haki. Mvua ile isingezuilika. Ila swali lako lingine ni la haki kabisa: uliambiwa mapema? Wewe wa Kirumba, na wenzako wa Usenge (Kenya) na Kasensero (Uganda), mlipewa makadirio ya miezi miwili mbele ili mhamishe vichanja?

Najua jibu.

Ndiyo maana nasema ugomvi wa Addis na Cairo ni wetu. Sisi wenyewe ndani ya Afrika Mashariki hatuna kanuni ya wazi ya mwaka wa ukame na mwaka wa mafuriko kwa lango la Jinja ambayo mvuvi anaweza kuisoma. Tunataka Ethiopia itangaze maji inayofungulia kila siku wakati ya kwetu ni shida kuyapata.

#18 Nyando Mashariki

Sasa ungekuwa wewe ndiye uko mezani, ungeanza na nini?

#19 Mto Simiyu (mleta mada)

Ningeanza na kitu kidogo kinachowezekana. Nchi sita zilizoridhia Mkataba wa Entebbe ziiundie Kamisheni kazi ya kwanza: takwimu za vituo vyote, kina cha ziwa, maji yanayofunguliwa Jinja, Rusumo (Mto Kagera) na GERD, zitangazwe kila siku, na Misri na Sudan zipewe bila kusubiri zijiunge. Ethiopia ni mwanachama, itajibu wenzake wa juu ya mto badala ya kujibu Washington, na hapo kisingizio cha msuluhishi mwenye upande hakipo. Misri nayo itapata kile ambacho vitisho vya miaka kumi na tano havikumpatia, yaani kujua kesho maji kiasi gani yanakuja.

Kisha kanuni ya ukame yenyewe, na hapa msimamo wangu utawaudhi marafiki zangu wa Ethiopia. Lazima iandikwe na ifunge. Iwe ya kugawana upungufu kwa uwiano, si ya kumhakikishia mmoja namba ileile mvua inyeshe isinyeshe, na ipitiwe upya kila baada ya miaka kadhaa ili isije ikawa 1929 nyingine. Ethiopia ilikuwa na haki yote ya kujenga. Haina haki ya kusema miaka ya njaa ya maji mtaamini tu nia yetu njema.

Na Tanzania ndiyo ibebe hoja hiyo. Ina mkataba imeuridhia, ina barua ya 1962, ina urafiki na Cairo uliojengwa kwa zege la Rufiji, na haina ugomvi na Addis. Sioni nchi nyingine kwenye bonde yenye vyote hivyo kwa pamoja. Wizara zetu mbili, ya maji na ya mambo ya nje, sijaona zikilizungumzia hili bungeni kwa uzito unaostahili. Wenye wabunge wa majimbo ya kando ya ziwa, kuanzia Rorya hadi Muleba, wapelekeeni swali moja la msingi: makadirio ya kina cha ziwa kwa msimu ujao yanatolewa na nani, na mwananchi anayasoma wapi?

#20 Mwaloni Kirumba

Hilo nalipeleka mimi. Kikao cha BMU yetu (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) ni wiki ijayo, nitaomba liandikwe kwenye muhtasari liende kwa afisa uvuvi na kwa mbunge. Nitarudi kuwaambia walichojibu.